Kodi Ndefu, Kali na Ndogo Kuliko Zote: Rekodi za Ushuru wa Vyombo vya Majini

Katika kodi za vyombo ninazozijua, hakuna iliyodumu kama ile ya mlangobahari wa Øresund, kati ya Denmark na Sweden. Mfalme Erik wa Pomerania aliianzisha mwaka 1429, na haikufutwa hadi 1857. Kila meli ya kigeni iliyopita Helsingør ilisimama, nahodha akashuka kwenda kulipa, na anayekaidi alijua mizinga ya ngome inamtazama. Baadaye ushuru ukaanza kukadiriwa kwa thamani ya shehena, na hapo Wadenmark wakabuni njia ya kumbana nahodha. Thamani aliitaja mwenyewe, lakini mfalme alikuwa na haki ya kuinunua shehena yote kwa bei hiyo hiyo aliyoitaja. Ukishusha bei ili ukwepe ushuru, unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kodi hii iliishi zaidi ya miaka 400 kwa sababu moja kubwa: njia zote za kuingia Bahari ya Baltiki zilipita mikononi mwa Denmark.

Mwenye boti ya kifahari wa leo hana kizuizi kama hicho, na Italia ililijua hilo kwa gharama kubwa. Desemba 2011, nchi ikiwa imezama katika madeni, serikali ya Mario Monti ilitangaza kodi ya boti zote zenye urefu wa zaidi ya mita 10. Awali ilipangwa itozwe kwa siku: kuanzia euro 5 kwa boti ya chini ya mita 12, hadi euro 703 kwa ile inayozidi mita 64. Ukiiacha hiyo kubwa bandarini mwaka mzima, unadaiwa zaidi ya euro 256,000. Sijaona kiwango cha siku kikali kuliko hicho. Kabla hakijaanza kutozwa, kikageuzwa kuwa kodi ya mwaka, kuanzia euro 800 hadi 25,000. Lakini wenye boti walikuwa wameshaanza kung'oa nanga. Walihamia Corsica, Slovenia, Croatia na Montenegro, safari fupi tu kutoka pwani ya Italia. Waliobaki na hasara ni wafanyakazi wa bandari za boti: mafundi, walinzi, wauza mafuta, wapaka rangi. Mwaka 2013 boti zisizozidi mita 14 zilisamehewa, na kuanzia 2016 kodi yote ikafutwa.

Ufaransa nayo inashikilia rekodi ya matarajio makubwa na mavuno haba. Mwaka 2018 ilianza kuzitoza boti za zaidi ya mita 30 zenye injini kubwa, kati ya euro 30,000 na 200,000 kwa mwaka. Ilitarajia kukusanya euro milioni 10. Mwaka wa kwanza haikupata hata laki moja.

Marekani ndiko kodi ya boti iliposababisha kilio kikubwa zaidi. Kuanzia Januari 1991, aliyenunua boti mpya ya zaidi ya dola 100,000 alitozwa asilimia 10 ya kiasi kilichozidi hapo. Boti ya dola milioni moja, basi, iliongezewa dola 90,000. Matajiri wakaacha kununua. Kamati ya uchumi ya Bunge ilikadiria kuwa kodi hiyo ilipoteza ajira 7,600 katika utengenezaji wa boti. Ni kweli uchumi wenyewe ulikuwa umedorora, lakini seremala aliyefungiwa karakana hakufarijika kwa hilo. Agosti 1993 kodi ikafutwa.

Tangu hapo majimbo yamekuwa yakishindana kuwapunguzia wakubwa. Florida inatoza asilimia 6 ya bei ya boti, ila tangu 2010 kodi hiyo haiwezi kuzidi dola 18,000. Piga hesabu: anayenunua boti ya dola 100,000 analipa dola 6 kwa kila dola 100. Anayenunua ya dola milioni 30 analipa senti 6 kwa kila dola 100. Naelewa hofu ya kuwakimbiza wateja, lakini huu si uadilifu.

Malipo madogo kuliko yote ya kupita Mfereji wa Panama hayakutoka kwa chombo. Mwaka 1928 Mmarekani Richard Halliburton aliuogelea mfereji wote, akakadiriwa kwa uzito wake kama meli, akatozwa senti 36. Kinyume chake, Novemba 2023, maji ya mfereji yakiwa yamepungua kwa ukame, kampuni moja ya Japani ilitoa karibu dola milioni 4 kwenye mnada ili tu meli yake isikae foleni.

Kwa upande wa usajili, ajabu kubwa ni Mongolia. Haina hata ufukwe mmoja wa bahari, lakini tangu 2003 inasajili meli za watu na kukusanya ada. Na hapa kwetu? Zanzibar ina daftari la meli za kigeni, na ada zake zilituletea aibu. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera ya Tanzania. Januari 2018 Rais John Magufuli aliamuru usajili huo usitishwe, baada ya meli mbili zenye bendera yetu kukamatwa ng'ambo, moja na dawa za kulevya na nyingine na vifaa vya milipuko.

Ada ya usajili ina maana pale tu inapoambatana na ukaguzi. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imesajiliwa na idadi ya abiria iliyoruhusiwa kubeba ilijulikana, lakini iliondoka imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Mwenye mashua au boti unayesoma haya, ukilipa ada dai risiti, kisha dai mkaguzi afike gatini akihesabu maboya.