Kishikacho Kioo Hakionekani

Msafiri aingiaye Jinja kutoka upande wa Kampala, akiisha kuvuka Mto Nile pale utokapo ziwani, huwa macho yake yameshiba mto, hata akifika mjini hana haja tena ya kutazama madirisha. Walakini mwenye kupita taratibu katika barabara kuu, mbele ya maduka yenye baraza yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, hakosi kuona hapa na pale fremu za mbao ambazo vioo vyake vya asili vingalimo. Na akisimama kwa ubavu wakati wa alasiri ataiona sura ya nyumba ya mkabala ikipindapinda juu ya kioo kana kwamba imo majini. Wako wasemao kwamba kioo hutiririka polepole kwa uzee, na hilo si kweli. Mawimbi hayo ni alama ya namna kilivyoundwa, kabla ya kuenea njia aliyoitangaza Alastair Pilkington nchini Uingereza mwaka 1959, ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya hodhi la bati iliyoyeyuka, ambayo ndiyo iliyotuzoeza vioo vilivyonyooka.

Wenye nyumba hizo walifukuzwa nchini kwa amri ya Idi Amin mwaka 1972, mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali, na wengi hawakurejeshewa hadi miaka ya 1990. Na muda wote huo jua na mvua havikuchukua likizo. Mwenye kutaka leo kulitengeneza dirisha la namna hiyo, badala ya kuling'oa na kutia la alumini, hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: ni chombo gani kitakachokishikilia kioo kisitoke?

Wengi hudhani kwamba kioo hushikwa na puti, ule unga uliokandwa kwa mafuta unaopakwa pembeni. Puti huzuia maji na upepo; kazi ya kushika ni ya misumari midogo iliyojificha chini yake. Tuchukue kioo cha sentimita 40 kwa 50, chenye unene wa milimita 3. Uzito wake ni kilo moja na nusu, mzigo ambao fremu yenyewe huubeba bila taabu. Ama upepo wa tufani itokayo ziwani, ukienda kilomita 72 kwa saa, hukisukuma kioo hicho kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tano. Ukikipiga usoni hukikandamiza juu ya ngazi ndogo iliyochongwa katika ubao, na hapo hapana hatari kubwa. Ukiizunguka nyumba, hali hugeuka: upande wa nyuma hewa huvuta kama mtu anyonyaye, kioo kikatamani kutoka nje, na kizuizi pekee kilichosalia ni vile visumari. Ndiyo maana kila upande wa kioo haufai kukosa visumari viwili, na baina ya kimoja na kingine pasizidi shibiri moja.

Sasa twende kwenye chombo cha kuvitilia, na hapa inafaa kuuliza kwanza habari za mti. Fremu nyingi za zamani katika nchi ya Busoga na pande za Mbale ni za mvule, mti usiopendwa na mchwa, mgumu, ambao wakati mwingine huficha ndani yake mawe ya chokaa yawezayo kuondoa meno ya msumeno. Ulaya na Marekani mafundi hutumia pembetatu ndogo za zinki, ambazo husukumwa kwa ncha ya kisu kipana, au hufyatuliwa kwa chombo chenye springi mfano wa bastola. Na katika msonobari, ambao ni mti laini, vitu hivyo huingia kama kisu katika siagi. Katika mvule pembetatu hiyo huweza kupinda kabla ya kuingia, na kipindacho humrudia jirani yake, ambaye ni kioo. Mvule wataka msumari mwembamba wa chuma kigumu, uliotanguliwa na tundu la keekee nyembamba kuliko msumari wenyewe.

Nilimkuta seremala mmoja mzee mjini Mbale, chini ya majabali ya Wanale, akiifanya kazi hiyo juu ya meza. Alikuwa amelaza kipande cha boksi juu ya kioo, na juu ya boksi amelaza patasi pana kwa ubavu, akiitelezesha nyuma na mbele bila kuiinua, kila mara ikigusa kichwa cha msumari na kukisogeza kidogo. Nikamwuliza, "Mzee, mbona hutwangi kwa nyundo ukamaliza?" Akajibu pasipo kuinua macho, "Mwanangu, cha asubuhi nilikimaliza hivyo hivyo."

Hikima ya mkono wake ina maelezo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwamba udhaifu wa kioo watokana na nyufa ndogo mno zisizoonekana, ambazo nguvu hukusanyika kwenye ncha zake. Ukingo uliokatwa umejaa nyufa za namna hiyo. Pigo moja la pembeni latosha kuuamsha mmoja wao. Chombo chema, basi, ni kile kiendacho sambamba na kioo, kikiusukuma msumari ndani ya mti pasipo kuubana ukingo. Kwa sababu hiyo hiyo huachwa nafasi ya milimita mbili hivi kila upande, kwani mbao huvimba msimu wa mvua ilhali kioo hakivimbi. Fauka ya hayo, msumari huo wa chuma uwe umepakwa zinki: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na msumari uliokuwa mlinzi hugeuka kabari.

Puti huja mwisho. Ni chaki iliyosagwa na kukandwa kwa mafuta ya kitani, na chaki hiyo kwa asili yake ni kitu kimoja na yale mawe yaliyomo ndani ya mvule. Haikauki kama nguo juani. Mafuta hunywa oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, kazi ambayo huchukua majuma. Matambara yaliyolowa mafuta hayo hupata joto kwa sababu hiyo hiyo, na yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, yatandazwe nje. Tena mbao kavu huyanyonya mafuta na kuiacha puti unga mtupu, hivyo ngazi ya ubao sharti ipakwe mafuta au rangi kwanza.

Yule mzee alikuwa amekwisha kuipaka. Puti alikwisha kuikanda, ikawa kiganjani mwake mfano wa donge la unga wa mkate. Hakuibandika upesi. Aliizunguka fremu kwa kidole, akigusa visumari kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti ndogo, hata akafika cha nane, ndipo akavifunika.