Je, Wajua? Mlo wa Farasi Huanza na Majani

Je, wajua kwamba farasi hawezi kutapika? Akishameza kimemezwa, kiwe kizima au kimeoza. Tia mkono katikati ya robota la nyasi kavu kabla hujalifungua: likiwa na joto, vumbi au harufu ya ukungu, usimpe.

Je, wajua kwamba tumbo la farasi wa kilo 500 hubeba lita 8 hadi 15 tu? Majani humeng'enywa zaidi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huyachachua. Nafaka ikizidi, hufika huko ikiwa bado na wanga, ikazalisha asidi, na farasi akapata msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato. Farasi wa uzito huo asipewe zaidi ya kilo 2 za nafaka kwa mlo mmoja.

Je, wajua kwamba tumbo lake hutoa asidi usiku na mchana, lakini mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu? Akishinda bila majani, vidonda vya tumbo haviko mbali.

Je, wajua kwamba futi kamba yaweza kuwa mizani? Pima mzingo wa kifua kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka bega hadi tako, ugawe kwa 11,880. Kifua 180 na urefu 180 ni kama kilo 490. Farasi huyo anahitaji kilo 7 hadi 10 za majani makavu kwa siku.

Je, wajua kwamba nyasi za Kikuyu na setaria, zinazowanenepesha ng'ombe wetu, zaweza kumdhuru farasi? Zina oksaleti, inayofunga kalsiamu asiipate. Mwili huichota kutoka mifupani, na mifupa ya uso huvimba. Nyasi hizi za Afrika zilipopandwa Australia, ugonjwa huo ukajulikana huko kwa jina la kichwa kikubwa. Boma Rhodes ina oksaleti kidogo.

Je, wajua kwamba pumba za ngano huleta balaa hilohilo? Fosforasi yake ni nyingi mno kuliko kalsiamu. Lusini, yenye kalsiamu tele, husaidia kusawazisha.

Je, wajua kwamba chakula cha kuku chaweza kumuua farasi? Baadhi yake huwa na monensini, dawa ya kuzuia koksidia. Miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito zatosha kuharibu moyo wake. Magunia ya kuku na ya farasi yasikae stoo moja.

Je, wajua kwamba mwaka 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kupewa kirutubisho chenye seleniamu kupita kiasi? Mahitaji ya farasi ni miligramu 1 hadi 3 tu kwa siku. Ukichanganya virutubisho viwili, jumlisha seleniamu ya vyote.

Je, wajua kwamba farasi hujitengenezea vitamini C mwenyewe? Anachokosa mara nyingi ni chumvi, hasa akitoka jasho, na vitamini E akiishi kwa nyasi kavu peke yake.

Kwa hiyo nunua kwa mpangilio: majani mazuri, maji safi, jiwe la chumvi. Kirutubisho kije mwisho, kuziba pengo ambalo wewe na daktari wa mifugo mmelithibitisha. Na kila chakula kipya kiingizwe kidogokidogo kwa siku 7 hadi 14.