Hata Daftari Hudanganya

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejionea kuwa hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari lenyewe limepitwa na wakati.

Chama chetu cha tarakilishi kina programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Waliotutangulia waliiunda, wakatuachia daftari la maelezo. Daftari lilisema: andika siku kwanza, halafu mwezi. Basi tarehe 4 Septemba nikaandika 4/9 kwa wote walioazima. Kumbe kuna mtu alikuwa ameigeuza programu isome mwezi kwanza, na daftari hakuligusa! Siku tatu baadaye mtoto wa kidato cha kwanza akarudisha kitabu, mashine ikasema amekaa nacho tangu tarehe 9 Aprili, atozwe faini. Alilia. Mimi nikaiamini mashine kuliko yeye. Tarehe 13 ndipo mashine ikakataa kabisa: hakuna mwezi wa 13! Jamani, niliona haya. Nikaenda kumwomba msamaha.

Wakubwa pia yamewapata. Tarehe 11 Desemba 1998, NASA, shirika la anga la Marekani, lilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kiende kuizunguka sayari ya Mirihi. Hati ya wataalamu iliagiza msukumo wa injini upimwe kwa nyutoni-sekunde. Programu moja ya huku duniani ikatoa hesabu kwa ratili, tofauti ya karibu mara nne na nusu. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kikapotea. Hati ilikuwepo, lakini programu haikuifuata.

Je, tufanyeje? Kwanza, maelezo yakae mahali pamoja panapojulikana na wote. Pili, anayebadilisha programu abadilishe maelezo siku iyo hiyo, atie jina na tarehe. Tatu, aandike na sababu, siyo amri tu, ili ajaye ajue la kugusa na la kuacha. Nne, mpe mgeni ayafuate bila kukuuliza. Hapo atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Mwakani nitakuwa kidato cha nne, kisha nitaondoka. Daftari ndilo litakalobaki likisema kwa niaba yangu. Sitaki liseme uongo, mtoto mwingine akalia.