Acheni Manila Dukani

Wiki hii mzazi wa tatu ameniuliza: "Mwalimu, ninunue karatasi gani ngumu ili ndege ya mtoto iruke mbali?" Nafundisha fizikia, na Jumamosi hukunja ndege za karatasi na watoto wa mtaani kwetu. Swali hili nimelisikia hadi basi. Ukurasa wa daftari lililokwisha unatosha. Msinunue kitu.

Imani ya karatasi nene imetoka kwenye mkono wa baba. Anakunja karatasi ngumu ya manila, anairusha kwa nguvu zake zote, inafika ukutani. Basi anaisifu manila, anausahau mkono. Mpe mtoto wa miaka sita airushe hiyo hiyo: inamwangukia miguuni. Tupige hesabu. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Ya gramu 160 ina gramu 10. Mabawa ni yale yale, mzigo umekuwa maradufu, na ili hewa iubebe, ndege lazima iende kwa kasi ya karibu mara 1.4 ya ile ya kwanza. Mtoto ataitoa wapi kasi hiyo? Tena manila haitaki kukunjwa mara tano au sita. Mikunjo inafura, bawa moja linapanda, jingine linalala, na ndege inakata kona kabla haijaivuka meza. Hapo mzazi hurudi dukani kutafuta karatasi ngumu zaidi! Nawasihi, acheni.

Kinachoiangusha ndege nyepesi ni uzito kukaa nyuma. Pua ndiyo iwe nzito, kwa hiyo ukingo wa mbele ukunjwe mara kadhaa, kila mkunjo upitishiwe ukucha. Mtoto akunje mwenyewe. Msimpokonye kwa sababu amekwenda kombo kidogo.

Ikichimba chini, inua kidogo kingo za nyuma za mabawa. Ikipanda ghafla kisha ikasita na kudondoka, zishushe kingo hizo, au bana klipu puani. Ikipinda upande mmoja, linganisha mabawa kwa kuitazama kutoka nyuma. Irusheni taratibu, pua ikielekea chini kidogo, mlango na dirisha vimefungwa ili upepo usiwavuruge. Iliyolegea kwa jasho la mikono, itupeni mkunje nyingine.