KUTOKA KATIKA UMOJA: FAIDA AU HASARA?
Mafunzo ya hesabu kutokana na mabishano ya Waingereza



Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi huzuka mara kwa mara swali hili: je, chama hunufaika kwa kubaki katika Chama Kikuu, au kingepata zaidi kama kingejitenga na kuuza mazao yake peke yake? Wanaotaka kutoka huja na tarakimu zao, wanaotaka kubaki huja na zao, na mwanachama wa kawaida huachwa njia panda. Gazeti hili ni la Chama Kikuu, na upande wake katika swali hilo unajulikana. Kwa hiyo hatukusudii kujitetea hapa. Tunakusudia kueleza jinsi taifa moja lilivyobishana hadharani juu ya jambo linalofanana na hilo, ili msomaji apate njia ya kuzipima tarakimu anazoletewa, ziwe za upande wowote.

ASILI YA MABISHANO

Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari, 1973. Mwaka 1975 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na thuluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali kubaki. Baadaye Jumuiya hiyo ilikua ikawa Umoja wa Ulaya, wenye soko moja ambamo bidhaa na wafanyakazi huvuka mipaka bila ya ushuru wala kizuizi, na sheria nyingi za biashara hutungwa kwa pamoja.

Tarehe 23 Juni, 2016, wananchi waliulizwa tena. Waliotaka kutoka walikuwa milioni 17.4, yaani asilimia 51.9, waliotaka kubaki walikuwa milioni 16.1. Nchi hiyo ilitoka rasmi tarehe 31 Januari, 2020, na mwisho wa mwaka huo ikaondoka pia katika soko moja na umoja wa forodha.

Ni haki kusema kwamba si wote waliopiga kura kwa ajili ya fedha. Wengi walitaka nchi yao ijitungie sheria yenyewe na iamue yenyewe ni nani aingie. Hayo hayapimwi kwa mizani ya pauni, na makala haya hayayahukumu. Tunazungumza juu ya hesabu tu.

TARAKIMU ZA PANDE MBILI

Waliotaka kutoka waliandika ubavuni mwa basi kwamba nchi hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, wakashauri fedha hizo zielekezwe katika huduma ya afya. Mamlaka inayosimamia takwimu za nchi hiyo ilitamka kwamba tarakimu hiyo inapotosha. Kisa chake ni chepesi. Milioni 350 ulikuwa mchango kabla ya kutoa punguzo ambalo Uingereza ilikubaliwa mwaka 1984, na fedha za punguzo hilo hazikuwa zikipelekwa kabisa. Ukilitoa, hubaki kiasi cha milioni 250. Na katika hizo, sehemu ilirudi nchini kama ruzuku kwa wakulima na misaada kwa mikoa. Katibu anayejua tofauti kati ya jumla ya makato na salio baada ya marejesho ataliona kosa hilo mara moja.

Upande wa pili nao haukuwa safi. Mwezi Aprili, 2016, Hazina ya Uingereza ilikisia kwamba ifikapo mwaka 2030 pato la taifa lingekuwa pungufu kwa asilimia 6.2, ikaieleza hasara hiyo kuwa ni pauni 4,300 kwa kila kaya. Wasikilizaji wengi walidhani kwamba kila nyumba ingenyang'anywa fedha hizo mfukoni. Sivyo. Pato la taifa lililogawanywa kwa idadi ya kaya si mapato ya kaya, na upungufu uliotajwa ulikuwa ni wa kulinganisha na hali ambayo ingekuwapo mwaka 2030 kama nchi ingebaki.

Mwezi uliofuata Hazina ilitoa makisio mengine: kwamba kura ya kutoka, kwa yenyewe, ingeleta mdororo wa uchumi na kuongeza watu wasio na kazi kwa kiasi cha 500,000 katika miaka miwili. Ni kweli kwamba thamani ya pauni ilianguka usiku ule ule wa kuhesabu kura, na bei za bidhaa kutoka nje zikapanda. Lakini mdororo uliotabiriwa haukuja baada ya kura, na idadi ya walioajiriwa iliendelea kuongezeka. Tangu hapo, kila mtaalamu aliyetoa onyo aliambiwa: "Mlitutisha mara ya kwanza, mwatutisha tena." Onyo lililokuzwa kupita kiasi lilidhoofisha hata maonyo yaliyokuwa na msingi.

Wako pia wachumi wachache, akiwamo Patrick Minford, waliokisia kwamba nchi ingepata nyongeza ya kiasi cha asilimia 4 iwapo ingeondoa ushuru wote wa bidhaa zinazoingia. Wachumi wengi waliyapinga makisio hayo, na Serikali haikuifuata njia hiyo.

KWA NINI HAWAJAPATANA HADI LEO

Mtu angedhani kwamba, nchi ikishatoka, mabishano yangekwisha kwa kutazama yaliyotokea. Hayakwisha, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kipimo cha kulinganisha. Ofisi huru inayokagua makisio ya bajeti ya Uingereza imeshikilia kwamba tija ya nchi hiyo, baada ya muda mrefu, itakuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa kama ingebaki. Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa aliyevuna magunia kumi, na baada ya miaka kadhaa akavuna kumi na moja. Mmoja husema: "Amepata gunia zaidi." Mwingine husema: "Kwa mbolea aliyoiacha, angevuna kumi na mawili; amepoteza gunia." Wote wawili wana hoja. Lakini gunia la kumi na moja limo ghalani na linahesabika, hali lile la kumi na mbili halikuvunwa kamwe. Hukisiwa kwa kutazama mashamba ya jirani. Ndivyo wachumi wanavyofanya: huchagua nchi zilizofanana na Uingereza kabla ya kura, wakatazama zilivyoendelea baadaye. Wapinzani wao hudai kwamba majirani waliochaguliwa si wa kufanana.

Sababu ya pili ni kuchanganyika kwa mambo. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulifika mwaka ule ule wa kutoka, 2020, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei za nishati. Kutenga athari ya jambo moja katika mambo matatu si kazi rahisi.

Sababu ya tatu ni kwamba "kutoka" si jambo la namna moja. Kuna kutoka kwa kubaki katika soko, na kuna kutoka kwa kuliacha. Wakati wa kupiga kura hakuna aliyejua ni namna gani ingefuatwa.

WALIOGUSWA ZAIDI

Mkataba wa biashara uliofikiwa tarehe 24 Desemba, 2020, haukuweka ushuru juu ya bidhaa za pande mbili, ila ulileta makaratasi: hati za forodha, vyeti vya asili ya bidhaa na vyeti vya afya ya mifugo na samaki. Kampuni kubwa huajiri karani wa kazi hiyo. Mvuvi anayepeleka makasha machache hutakiwa kutimiza taratibu zile zile. Mwaka 2021 wavuna chaza na kome katika maji yasiyo ya daraja la juu walizuiwa kuwapeleka Ulaya wakiwa hai bila kusafishwa kwanza, nao ni watu wa pwani ambako wengi walitarajia kunufaika. Wakulima walikuwa wakipata ruzuku ya Ulaya ya kiasi cha pauni bilioni 3 kwa mwaka. Katika England malipo ya namna hiyo yalianza kupunguzwa mwaka 2021.

Kwa upande wa faida, nchi ilipata uhuru wa kufanya mikataba yake. Mkataba na Australia ulianza kutumika mwaka 2023. Serikali yenyewe ilikisia kwamba ungeongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 baada ya miaka mingi.

YANAYOTUHUSU

Kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya ililazimika kutia sahihi mkataba wake na Uingereza Desemba 2020 ili maua, chai na mboga zake ziendelee kuingia bila ya ushuru. Nasi tunao ushahidi wetu wa kale. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini makubaliano ya kugawana mali na madeni yake yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984, baada ya miaka saba. Kuvunja umoja ni kazi ya siku moja; kugawana vilivyokuwamo ni kazi ya miaka.

MASWALI YA KUULIZA MKUTANONI

Atakapoletewa tarakimu za kutoka au za kubaki, Katibu na aulize haya, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano:

1. Je, tarakimu hii ni ya jumla au ni salio? Makato ya Chama Kikuu yatajwe pamoja na kile kinachorudi: pembejeo, usafiri, ghala, ukaguzi.
2. Je, inalinganishwa na nini: mwaka jana, au hali ambayo ingekuwapo?
3. Je, ni ya msimu ujao au ya miaka kumi?
4. Tukitoka, tutauza kwa nani, kwa mkataba gani, na nani ataandika hati?
5. Madeni na mali za pamoja zitagawanywaje, na kwa muda gani?
6. Je, aliyeleta tarakimu hii atapata nini tukimkubali?

Swali la sita liulizwe pia kwa wajumbe wa Chama Kikuu. Umoja ni nguvu, lakini methali haiwezi kuchukua nafasi ya mizania. Mwanachama ana haki ya kuonyeshwa hesabu kamili kabla ya kunyoosha mkono wake, na ni wajibu wa Katibu kumwonyesha.