Besi ikikosa sauti, tusikimbilie dukani

Si siku nyingi zilizopita, wanafunzi wa chama cha muziki ambacho mimi ni mlezi wake walimwandikia mhasibu wetu barua ya kuomba fedha. Ilikuwa barua fupi, yenye adabu, na kiini chake kilikuwa hiki: "Tunahitaji pikapu mbili mpya kwa kuwa zilizopo zimechoka." Mhasibu aliisoma mara mbili, kisha akanipigia simu. "Daktari," akaniuliza, "chuo kizima kina pikapu tatu, na moja haina injini. Hawa waimbaji wako wanataka kubeba nini?"

Nilicheka, lakini baada ya kicheko nilianza kuwaza. Wanafunzi hawakutaka magari. Walitaka vile vifaa viwili vyeusi, virefu kama rula fupi, vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa la besi la umeme. Kwa Kiingereza jina ni moja. Kwetu sisi neno hilo limekwisha kuchukuliwa na gari linalopeleka kabichi sokoni. Niliwashauri waandike "kinasa". Kunasa ni kushika kitu kinachopita, kama mtego umnasavyo panya, na hivyo ndivyo kifaa hiki kifanyavyo: hunasa mtetemo wa uzi na kuugeuza kuwa umeme. Barua iliandikwa upya, na Sh12,000 zikaidhinishwa.

Hapo ndipo nilipowauliza swali ambalo wao hawakuwa wamejiuliza: vinasa vilivyopo vina kasoro gani? Wa kwanza akasema, "Mwalimu, besi yetu haina uzito." Wa pili akasema imefifia. Wa tatu akasema inavuma hata isipopigwa. Msomaji mpenzi, hayo ni malalamiko matatu, na yamkini ni maradhi matatu. Hata hivyo wote walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya dawa moja, tena ya bei ghali.

Nilikuwa na sababu ya kuwa na hofu. Miaka miwili kabla ya hapo, kundi lililowatangulia lilinunua kinasa kwa kutazama picha tu. Kilipofika, kilikuwa kipana kuliko tundu lake. Mwenye duka, ambaye sitamtaja, alikataa kukipokea tena. Fundi mmoja akajitolea kulipanua tundu kwa patasi, na mbao ikapasuka. Gitaa hilo lingali stoo hadi leo. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Muuzaji hana kosa akikuuzia alicho nacho. Kosa ni la mnunuzi anayekwenda dukani bila kujua akitafutacho.

Tuanze na jinsi kinasa kinavyofanya kazi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mmeviringishwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku, huutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzalisha umeme kidogo katika waya. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday, Mwingereza, mwaka 1831. Ndiyo maana uzi wa nailoni hauwezi kusikika kwa kinasa cha aina hii hata ukipigwa kwa nguvu gani: sumaku haiutambui.

Mimi si fundi wa magitaa. Kazi yangu ni isimu. Lakini niliposoma habari za vinasa nilijiona niko nyumbani. Sisi wanafonetiki huita zile sehemu za kooni zinazotetema "nyuzi za sauti". Tamka irabu "a", kisha "i", bila kupandisha wala kushusha sauti. Nyuzi za kooni zinatetema kwa kasi ileile, ila umbo la kinywa limebadilika, na kwa hiyo baadhi ya mitetemo imetiliwa nguvu na mingine imefifishwa. Chanzo ni kimoja, lakini njia ya kupitia ni tofauti, na sikio linasikia irabu mbili.

Gitaa nalo lina kinywa chake. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Pamoja na mtetemo huo wa msingi huandamana mingine ya mara 82, 123, 164 na kuendelea, ambayo wataalamu huiita hamoniki. Kinasa kilicho karibu na shingo ya gitaa hupokea zaidi mitetemo mipana ya chini, na sauti yake huwa nene. Kinasa kilicho karibu na daraja, yaani kile kichuma cha chini zinakofungwa nyuzi, hupokea kwa uwiano mkubwa zaidi hamoniki za juu, na sauti yake huwa kavu, yenye makali. Hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: kinasa kipya kikiingia katika tundu lilelile, kimesimama mahali palepale. Kitabadilisha tabia ya sauti kwa kiasi, lakini hakitaligeuza gitaa moja kuwa jingine.

Kwa ufahamu huo tuliketi alasiri moja tukayachunguza malalamiko yale matatu, bila kufungua mkoba.

Tulianza na kuvuma. Gitaa letu limeigwa kutokana na muundo ambao kampuni ya Fender ya Marekani iliutoa mwaka 1960, wenye vinasa viwili vya koili mojamoja. Koili ya namna hiyo hunasa pia umeme wa nyumba. Hapa Kenya umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde, karibu sawa na noti ya G iliyo kwenye uzi mnene, ambayo ni 49. Waliobuni muundo huo walikuwa na hila nzuri: koili za vinasa viwili huviringishwa kinyume, na sumaku zake huelekezwa kinyume. Vikifunguliwa vyote kwa kiwango sawa, mvumo wa umeme hujifuta, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Besi yetu ilivuma hata vyote vikiwa wazi. Kwa nini?

Mwanafunzi mmoja wa fizikia alileta mita ya umeme. Kinasa cha shingoni kilisoma kiloomu 7.4, kiwango cha kawaida kwa aina hiyo. Cha darajani hakikusoma chochote. Waya wake ulikuwa umekatika ndani, na kinasa kilikuwa maiti. Mwenzake alikuwa amebaki mjane, hana wa kumsaidia kuufuta mvumo. Kumbe si vinasa vyote viwili vilivyochoka. Kimoja kilikuwa kimekufa na kingine kizima kabisa.

Lalamiko la pili, kufifia, lilikuwa na sababu mbili. Kwanza, hamoniki za juu zilikuwa zimepotea pamoja na kinasa kilichokufa. Pili, nyuzi zenyewe zilikuwa na umri wa miaka na zimeganda jasho na vumbi la vidole vya vizazi kadhaa vya wanafunzi. Uzi mchakavu hautoi hamoniki za kutosha, na hapana kinasa duniani kiwezacho kunasa kisichokuwapo.

Lalamiko la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Vijana walidhani kwamba besi isiyo na uzito inahitaji kinasa chenye sauti nene zaidi. Lakini wao hupiga kwa spika ndogo za ukumbini, na spika ndogo haiwezi kutoa ipasavyo mitetemo 41 kwa sekunde. Ukiiongezea unene, unaiongezea kile isichokiweza. Nikawakumbusha simu ya kawaida ya waya. Simu hiyo hupitisha mitetemo kuanzia takriban 300 hadi 3,400 kwa sekunde, ilhali sauti ya mwanamume mzima aghalabu hutetema mara 100 hadi 150. Mtetemo wa msingi haupiti kwenye simu, na bado unamtambua baba yako na kusikia kwamba sauti yake ni nzito. Sikio huzisikiliza hamoniki, likaukadiria msingi ambao halikuusikia. Kwa hiyo besi yetu ilikosa uzito kwa sababu ilikosa sauti za juu, zile za kulielekeza sikio. Mpenzi wa benga anayesikiliza redio ndogo jikoni bado huifuata besi hatua kwa hatua kwa sababu hiyohiyo.

Basi tulihitaji kinasa kimoja, si viwili, pamoja na seti ya nyuzi mpya. Sasa twende dukani tukiwa na maneno na vipimo mkononi.

La kwanza ni umbo. Katika muundo huu kinasa cha darajani kwa kawaida huwa kirefu kidogo kuliko cha shingoni, tofauti ya milimita chache ambayo jicho hulikosa. Tulikichora cha zamani kwenye karatasi, pamoja na matundu ya skrubu, tukaenda na mchoro huo. Magitaa ya nyuzi tano na yale ya miundo mingine yana vipimo vyake, na jina lililo kwenye kisanduku halitoshi.

La pili ni nguvu. Muuzaji alitusifia kinasa chenye kiloomu nyingi, akidai ndicho "kikali" kuliko vyote. Ukinzani wa waya ni dokezo tu. Mizunguko mingi huongeza nguvu ya sauti, lakini aghalabu hupunguza makali. Na waya mwembamba zaidi huongeza kiloomu hata mizunguko isipoongezeka. Tulitafuta kinacholingana na mwenzake wa 7.4, au kumzidi kidogo, maana uzi hutetema kwa upana mdogo karibu na daraja.

La tatu ni mwelekeo wa sumaku. Hapa tulitumia dira ndogo ya jiografia. Nyumbani tuliisogeza juu ya kinasa kizima na kuandika ni ncha gani ya sindano iliyovutwa. Dukani tukatafuta kinasa kinachovuta ncha ya pili. Kama koili imeviringishwa upande usiofaa, fundi anaweza kubadilishana ncha mbili za waya wakati wa kulehemu. Sumaku ikiwa na mwelekeo usiofaa, haigeuziki kwa urahisi hivyo, na huwezi kuufuta mvumo bila kuikondesha sauti ya nyuzi.

La nne ni betri. Muuzaji alitushawishi pia tununue vinasa vyenye saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9. Si vibaya, hutoa sauti safi na hustahimili waya mrefu. Lakini hutaka vitufe vya aina nyingine, na waya ukisahaulika ndani ya gitaa usiku kucha, aghalabu betri huendelea kuliwa. Kwa chama ambacho kila mtu huazima chombo na hakuna anayekitunza, tuliona hayo ni kujitafutia maudhi.

Kijana wa fizikia alikilehemu kinasa kipya, tukafunga nyuzi, kisha tukatumia bisibisi kupandisha na kushusha vinasa hadi sauti zao zilipolingana. Kazi hii ya mwisho haina gharama yoyote, na yafaa iwe ya kwanza kabla ya mtu kufikiria kununua chochote. Kinasa kikiwa chini mno sauti hudhoofu. Kikiwa juu mno sumaku huuvuta uzi na kuuvuruga mtetemo wake. Tulipofungua vyote viwili, mvumo ulinyamaza. Besi ikasikika ukumbini kwa spika zilezile ndogo.

Nawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi haya kwa sababu naona kasoro iliyoko nje ya gitaa. Tunawafundisha vijana kutoa majibu, lakini mara chache tunawafundisha kulieleza tatizo. "Haina uzito", "imefifia" na "inavuma" ni sentensi sahihi za Kiswahili. Kilichokosekana ni subira ya kuuliza kila moja ina maana gani. Mwanafunzi anayesema "mtihani ulikuwa mgumu" yuko hapo hapo. Mgumu wapi? Katika kusoma swali, katika kukumbuka, au katika kuandika? Kila jibu lina tiba yake, na si zote zinauzwa dukani.

Aidha, wapo wanaodai kwamba mambo ya ufundi hayasemeki kwa Kiswahili. Mjadala wetu wa alasiri ile ulifanyika kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa na uzi, mtetemo, sumaku, waya, daraja, kulehemu na mvumo, na kinasa kikajiunga nao bila taabu. Mwalimu wa sekondari anaweza kufanya vivyo hivyo darasani: awape wanafunzi kifaa kilichoharibika, iwe redio, baiskeli au taa, wakieleze kasoro yake kwa insha ya ukurasa mmoja kabla ya kuruhusiwa kukigusa. Atakuwa amefundisha lugha na sayansi katika kipindi kimoja.

Tulimrudishia mhasibu salio pamoja na risiti. Alizihesabu noti, akatutazama kwa mshangao, kwani fedha hurudi kwake kwa nadra. Kisha akauliza kama ile pikapu isiyo na injini nayo tunaweza kuipima kwa dira.