Tarakimu moja ikikosewa, mzigo unakwama: Vipande vya programu vinavyokagua hati zako

Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, au Mombasa kwenda Kampala, hauandikwi mara moja tu. Namba ya kontena inaandikwa na kampuni ya meli, kisha wakala wa forodha, kisha msafirishaji, kisha karani wa bandari kavu, na mwisho karani wa mpakani. Kila anayeandika anaweza kukosea. Tarakimu moja ikibadilika, hati haziafikiani tena, na lori linabaki kwenye maegesho huku wakala akihangaikia marekebisho. Wakati huo siku za kontena zinahesabiwa, na posho ya dereva nayo inahesabiwa.

Makosa mengi ya aina hii kompyuta inaweza kuyakamata kabla hati haijatumwa. Kazi hiyo hufanywa na vipande vifupi vya programu, mara nyingine mistari kumi tu, ambavyo mafundi huviandika mara moja na kuvitumia tena katika mifumo mingi. Makala hii inaeleza vipande hivyo vinafanya nini, vinashindwa wapi, na mfanyabiashara au msafirishaji aulize nini kabla ya kulipia programu ya ofisini kwake.

Kipande cha programu ni kitu gani?

Fundi anayetengeneza programu ya kampuni ya usafirishaji haanzi kila kitu upya. Anayo akiba yake: kipande cha kukagua namba ya kontena, kingine cha kusoma tarehe, kingine cha kutafuta safari ambazo hazijafungwa. Anachukua kinachohitajika, anakibadilisha kidogo, anakipachika. Ni kama fundi magari mwenye sanduku la spana: hachongi spana mpya kila lori linapoingia gereji.

Vipo vya aina mbili. Vya kwanza hufanya hesabu au ukaguzi. Vya pili ni maswali yanayoulizwa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa ambamo safari, hati na malipo vimehifadhiwa. Maswali hayo huandikwa kwa lugha iitwayo SQL, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1970 na bado ndiyo inayotumika katika kanzidata nyingi za kibiashara.

Tarakimu ya mwisho ya kontena

Kila kontena la kimataifa lina namba yenye herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, na husajiliwa na ofisi ya kimataifa ya makontena, BIC, iliyoko Paris. Herufi ya nne huwa ni U kwa makontena ya mizigo. Tarakimu sita zinazofuata ni namba ya kontena lenyewe. Tarakimu ya saba, ambayo kwa kawaida huchorwa ndani ya kiboksi mlangoni, si sehemu ya namba hiyo. Ni ya ukaguzi, na hupatikana kwa hesabu iliyowekwa na kanuni ya ISO 6346.

Hesabu yenyewe ni hivi. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38. Namba 11, 22 na 33 zinarukwa. Thamani ya nafasi ya kwanza inazidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, na hivyo hivyo kwa kuongeza mara mbili hadi nafasi ya kumi inayozidishwa kwa 512. Majibu yote yanajumlishwa, jumla inagawanywa kwa 11, na kinachobaki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Kikibaki 10 huandikwa 0.

Tuchukue mfano wa CSQU 305438 3. Herufi C, S, Q na U zina thamani 13, 30, 28 na 32. Ukizidisha kwa 1, 2, 4 na 8 unapata 13, 60, 112 na 256. Tarakimu 3, 0, 5, 4, 3 na 8 zinatoa 48, 0, 320, 512, 768 na 4,096. Jumla ni 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3. Namba ni sahihi.

Sasa tuseme karani amegeuza tarakimu mbili, badala ya 305438 akaandika 304538. Jumla inakuwa 6,249, na ukigawanya kwa 11 inabaki 1. Kwenye hati kuna 3. Programu inakataa hapo hapo, karani anarudi kuangalia mlango wa kontena, na kosa linaishia ofisini badala ya kugunduliwa Tunduma au Malaba.

Ukaguzi huu hauoni kila kitu

Ni vizuri kujua mipaka yake. Hesabu ya kugawanya kwa 11 haitofautishi baadhi ya herufi. A ni 10 na K ni 21, na zote mbili zikigawanywa kwa 11 hubakiza 10. Ndivyo ilivyo pia kwa B, L na V. Karani akiandika B mahali pa L, tarakimu ya ukaguzi haitamkamata. Kwa hiyo programu nzuri hukagua pia kama herufi za mwanzo ni za mmiliki anayejulikana.

Jambo jingine: namba inaweza kuwa sahihi kabisa kihesabu lakini ikawa ya kontena lingine. Ukaguzi unaonyesha tu kwamba namba inaafikiana na tarakimu yake ya ukaguzi, hauthibitishi kwamba kontena hilo ndilo lililo juu ya lori lako. Kazi ya kulinganisha namba, lakiri na hati bado ni ya mtu.

Kontena moja, safari mbili

Hebu tuangalie swali moja la kanzidata:

SELECT namba_kontena, COUNT(*)
FROM safari
WHERE tarehe_kutoka IS NULL
GROUP BY namba_kontena
HAVING COUNT(*) > 1

Kwa Kiswahili linasema: nenda kwenye orodha ya safari, chukua zile ambazo hazina tarehe ya kutoka, zipange kwa namba ya kontena, kisha unionyeshe kontena lenye safari zaidi ya moja iliyo wazi. Sanduku moja haliwezi kuwa safarini mara mbili kwa wakati mmoja. Likionekana, ama safari imeandikwa mara mbili, ama safari ya zamani haikufungwa.

Mstari wa tatu ndio wenye uzito. Fundi akikopi swali hili kutoka kwenye mfumo wa duka na kuacha mstari huo, kila kontena lililowahi kutumika mara mbili litaonekana kuwa na kosa, ingawa makontena huzunguka miaka mingi. Orodha itajaa, wafanyakazi wataizoea, na siku kosa la kweli likija hakuna atakayeliangalia.

Dhamana isiyofutwa

Katika mstari huo huo kuna mtego mwingine. Kwenye SQL, mahali pasipo na taarifa yoyote huitwa NULL. Anayeanza kazi huandika "tarehe_kutoka = NULL" akidhani anauliza safari zisizo na tarehe ya kutoka. Kompyuta hailalamiki. Inajibu kwamba hakuna safari kama hiyo hata moja, kwa sababu kitu kisichojulikana hakiwezi kuwa sawa na kingine. Namna sahihi ni "IS NULL".

Kwa msafirishaji wa mizigo ya kupita nchini, tofauti ya neno hilo ni pesa. Mzigo wa kupita husafiri chini ya dhamana ya forodha, na dhamana hufunguliwa mzigo unapothibitishwa kutoka nje ya mpaka. Ripoti yako ikisema "hakuna iliyobaki" wakati zipo safari ambazo kutoka kwake hakukuthibitishwa, utagundua siku forodha itakapodai ushuru, au siku dhamana yako itakapojaa ukakosa nafasi ya mzigo mpya.

Ng'ombe, Chang'ombe na Murang'a

Tatizo hili ni la kwetu hasa. Katika SQL, maneno hufungwa kwa alama moja ya mkato wa juu kila upande. Alama hiyo ndiyo ile ile ya ritifaa tunayoiandika katika ng'. Programu iliyoandikwa ovyo ikipokea anwani ya Chang'ombe, inadhani neno limeishia kwenye "Chang", inachanganyikiwa na kutoa kosa.

Karani hana la kufanya, anaandika "Changombe" ili apite. Lakini kwenye ankara na cheti cha uasili wa bidhaa jina limeandikwa kwa ritifaa. Nyaraka mbili za mzigo mmoja zimetofautiana, na sababu ni uvivu wa fundi. Dawa yake inajulikana: taarifa za mtumiaji zipelekwe kwenye kanzidata zikiwa kando na swali lenyewe, zisiunganishwe nalo. Mlango huo huo unaovunjika kwa ritifaa ndio wezi wa mtandaoni wanaoutumia kupachika amri zao na kusoma au kufuta taarifa za kampuni.

Koma, sifuri na tarehe

Tanzania, Kenya na Uganda, 26,500 ni elfu ishirini na sita na mia tano. Kwa mazoea ya Kifaransa, yanayotumika Kongo na Burundi, koma hutenganisha desimali, hivyo 26,500 ni ishirini na sita na nusu. Kipande cha kusoma uzito kilichoandikwa kwa mazoea ya upande mmoja kitapotosha uzito wa upande wa pili mara elfu moja. Iliyo salama ni kuhifadhi uzito bila koma yoyote, kwa kilo, na kuonyesha koma kwenye karatasi tu.

Sifuri ya mwanzo nayo hupotea. Kahawa isiyokaangwa iko katika kundi la ushuru 0901. Ukiweka namba hiyo kwenye jedwali la Excel bila kuiambia kwamba ni maandishi, inakuwa 901. Namba za ushuru, namba za simu na namba za hati zihifadhiwe kama maandishi, hata kama zina tarakimu tupu.

Kuhusu tarehe, 03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 4 Machi. Mwezi mzima unapotea katika hesabu ya siku za kuhifadhi mzigo. Mtindo wa mwaka, mwezi, siku, yaani 2025-04-03, hauna utata.

Faida na hatari ya kutumia tena

Kipande kilichojaribiwa vizuri kinaokoa muda na fedha za mteja. Hatari ni kukopi bila kuelewa. Kipande kimoja kikikopiwa mahali saba katika programu, kosa likigunduliwa hurekebishwa mahali pawili na kuachwa matano. Fundi makini hukiweka mahali pamoja, sehemu zote zikakiita kutoka hapo. Tatizo la mwaka 2000 lilikuwa la namna hii: mazoea ya kuandika mwaka kwa tarakimu mbili yalirithiwa kutoka programu moja hadi nyingine, na kampuni duniani kote zililazimika kuyatafuta na kuyaondoa.

Mambo ya kumwuliza fundi wako

Huhitaji kujua kuandika programu. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, kaa naye kwenye kompyuta ufanye majaribio haya:

1. Andika CSQU3054383. Ikubaliwe. Kisha andika CSQU3045383. Ikataliwe, na ujumbe ueleze kwamba tarakimu ya ukaguzi haiafikiani na namba.

2. Sajili mteja wa Chang'ombe au Murang'a. Jina litoke kwenye hati kama lilivyoingia.

3. Ingiza namba ya ushuru inayoanza na sifuri, ihifadhi, kisha ifungue tena. Sifuri iwepo.

4. Acha safari moja bila tarehe ya kutoka. Ionekane kwenye ripoti ya dhamana zilizo wazi.

5. Ingiza uzito wa 26500 na 26,500. Programu ieleze imesoma nini kabla ya kuhifadhi.

6. Mwulize vipande vya ukaguzi vimewekwa mahali pamoja au vimetawanyika, na nani ana nakala yake endapo yeye ataondoka.

Majaribio yote hayazidi saa moja. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia kuulizwa. Akikwepa hata jaribio la kwanza, zuia malipo hayo hadi programu ipite yote sita.